Ndege ya kurudi nyumbani siku meli ya kitalii inapomaliza safari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hukata tiketi ya ndege kwa kuangalia saa ambayo meli itafika bandarini, wakaongeza saa mbili tatu, wakaridhika. Majibu yaliyo hapa yanaanzia upande wa pili: saa ambayo dirisha la mizigo linafungwa uwanja wa ndege, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi chumbani mwako melini. Saa zimetajwa kwa Kiswahili, na pale zinapoweza kukuchanganya na tiketi nimeongeza ya saa 24.

Meli inafika saa 12 asubuhi. Kwa nini nisipande ndege ya saa 4?

Kwa sababu kufika si kushuka. Saa 12 ya kwenye ratiba ni saa ambayo meli inatarajiwa kuwa imefungwa kamba gatini. Baada ya hapo madaraja ya abiria huwekwa, maelfu ya mabegi huteremshwa na kupangwa ukumbini kwa makundi ya abiria, kila kundi na rangi ya lebo zake, na maofisa wa nchi hiyo hushughulikia nyaraka za meli na za abiria. Mpaka maofisa watoe ruhusa, hakuna abiria anayevuka mlango, hata awe amesimama pale na begi lake tangu alfajiri.

Ruhusa ikitoka mapema, abiria wa kwanza hushuka kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Wa mwisho huwa kati ya saa 3 na nusu na saa 4. Kati ya hao wa kwanza na wa mwisho kuna umati mkubwa: Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, na siku ya mwisho wote wanaelekea milango ileile michache.

Sasa ipime ndege ya saa 4 (10:00). Mashirika mengi hufunga kupokea mizigo dakika 45 kabla kwa safari za ndani na dakika 60 kwa za kimataifa. Yaani saa 3 unatakiwa uwe umeshakabidhi begi uwanjani, wakati ambao huenda kundi lako bado halijaitwa melini.

Basi ndege ya saa ngapi ni salama?

Saa 6 mchana ndiyo mpaka wa chini, tena kwa bandari iliyo karibu na uwanja na kwa safari ya ndani ya nchi. Kwa wengine wote, soma mfano huu wa safari ya kimataifa.

Umepangiwa kushuka saa 3 asubuhi. Kutafuta begi na kupita uhamiaji kunakula dakika 45. Foleni ya teksi, au kusubiri basi lijae, dakika 30. Barabarani, saa moja. Umeingia uwanjani saa 5 na robo. Ndege za kimataifa zinakutaka ufike saa tatu kabla, kwa hiyo ndege ya mapema kabisa unayoweza kuifikiria ni ya saa 8 na robo mchana (14:15).

Hesabu hiyo ni ya siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Haina ukungu, haina lori lililopinduka njiani, haina begi lililowekwa kwenye fungu la rangi nyingine. Ukiongeza saa moja au mbili za tahadhari unaangukia kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, na hapo ndipo ningekushauri uanze kutafuta tiketi.

Kwa hiyo ndege ya usiku kabisa ndiyo salama kuliko zote?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo watu waangalifu hulikosea. Ndege ya mwisho ya siku inakulinda dhidi ya meli kuchelewa, lakini haikulindi dhidi ya ndege yenyewe. Ikifutwa, hakuna nyingine nyuma yake. Utalala hapo na kugombania viti vya kesho pamoja na abiria wengine wote.

Tafuta ndege ya alasiri ambayo nyuma yake ipo nyingine ya shirika hilohilo, siku hiyohiyo, kwenda kule kule. Meli ikichelewa, unahamishiwa kwenye ile ya pili. Ndege yako ikiharibika, vilevile. Kabla ya kulipa, fungua ratiba ya shirika uangalie ndege zinazofuata yako kwa siku ile. Ni kazi ya dakika mbili na ina thamani kuliko punguzo lolote la bei. Kama njia yako ina ndege moja tu kwa siku, au chache kwa wiki, basi soma swali la kulala usiku mmoja, maana hilo ndilo linalokuhusu.

Uwanja wa ndege uko mbali kiasi gani na bandari?

Jina la mji kwenye tangazo la safari lisikudanganye. Safari inayotangazwa kuishia Roma inaishia Civitavecchia, na kutoka hapo hadi uwanja wa Fiumicino ni zaidi ya kilomita 60. "London" mara nyingi ni Southampton, takriban kilomita 100 kutoka Heathrow, na ukiwa umenunua tiketi ya kutokea uwanja wa Stansted kwa kuwa ilikuwa nafuu, umejiongezea safari nyingine ndefu ya kuzunguka jiji zima. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka jijini. Kwa Venice, Italia ilipiga marufuku meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca kuanzia Agosti 2021, na tangu hapo safari nyingi zenye jina la mji huo huanzia au kuishia kwingine, zikiwemo bandari za Trieste na Ravenna, ambazo ziko mbali na uwanja wa Venice kwa zaidi ya saa moja ya barabara.

Marekani nako kuna tofauti kubwa. Port Everglades iko kilomita chache tu kutoka uwanja wa Fort Lauderdale, na PortMiami nayo haiko mbali na uwanja wa Miami. Lakini Port Canaveral iko takriban kilomita 70 kutoka uwanja wa Orlando, na Galveston ina viwanja viwili vya Houston vya kuchagua: Hobby, ulio karibu zaidi, na Bush, ulio upande wa pili wa jiji. Kuchagua Hobby badala ya Bush kunaweza kukuokolea karibu saa nzima ya foleni za magari.

Alaska inahitaji uangalifu wa pekee. Safari za upande mmoja huishia Seward au Whittier, na ndege ziko Anchorage. Seward iko takriban kilomita 200 kutoka Anchorage, kwa barabara moja nzuri kuitazama lakini isiyo na njia mbadala. Whittier iko karibu zaidi, ila njia pekee ya gari kutoka hapo hupita kwenye handaki la Anton Anderson, lenye urefu wa kilomita 4 hivi na njia moja tu ambayo magari na treni hupokezana. Magari ya kila upande huruhusiwa kwa zamu, na ukikosa zamu yako unasubiri nyingine. Kwa bandari hizi mbili, ndege ya saa 6 mchana isifikiriwe kabisa.

Pima umbali kutoka geti la bandari hadi jengo la abiria la ndege yako, siku ya wiki ileile na saa ileile. Ramani za simu zinakuruhusu kuweka saa ya kuondoka. Jumatatu saa 2 asubuhi si sawa na Jumapili saa 2 asubuhi.

Nini kinaweza kuichelewesha meli asubuhi ya mwisho?

Ukungu ndio mkuu wao. Meli kubwa haiingii bandarini kwa nguvu za nahodha wake peke yake. Hupanda rubani wa bandari, mtu anayeijua mikondo na kina cha pale, naye haruhusiwi kuiingiza meli katika njia nyembamba iliyofunikwa na ukungu mzito. Galveston, Tampa na New Orleans ni mashuhuri kwa hilo, hasa miezi ya baridi. New Orleans ni mbaya zaidi kwa kuwa meli hupanda mto Mississippi usiku kucha kabla ya kufika mjini, na ukungu wa mtoni ukitanda, inasubiri. Kusubiri huko kunaweza kuwa saa moja au kutwa nzima.

Upepo mkali huzuia meli kufungwa gatini, kwa sababu meli za kitalii ni ndefu kwenda juu na upepo huzisukuma kwa urahisi. Dhoruba zinaweza kufunga bandari moja kwa moja; hapo meli hubaki baharini, wakati mwingine siku nzima au zaidi, au huelekezwa bandari nyingine.

Halafu yapo mambo ya binadamu. Mgonjwa mahututi anaweza kuifanya meli igeuze njia usiku. Na chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, nahodha anayepata taarifa ya watu walio hatarini karibu naye ana wajibu wa kwenda kuwasaidia. Hakuna tiketi ya ndege inayopaswa kushindana na hilo, wala sidhani abiria yeyote angetaka ishindane.

Mara chache njia yenyewe hutoweka. Machi 26, 2024 meli ya mizigo iligonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, likaanguka na kuziba mlango wa bandari. Carnival Legend, iliyokuwa safarini kutoka Baltimore, ilimalizia safari Norfolk, na abiria wakarudishwa kwa mabasi. Yeyote aliyekuwa na ndege ya asubuhi ya siku ile alikuwa amekwama, na hapakuwa na wa kulaumiwa pale melini.

Nikibeba mabegi yangu mwenyewe nitashuka mapema zaidi?

Ndiyo, na kama ndege yako iko karibu na saa 6, fanya hivyo. Wanaobeba mizigo yao huitwa kwanza na hawana haja ya kutafuta kitu ukumbini. Sharti ni uweze kweli: mabegi yote, kwa mkupuo mmoja, ngazi na miteremko, bila msaada, maana lifti asubuhi hiyo hujaa kuanzia ghorofa za juu. Mwenye watoto wadogo, mzee, au anayetumia kiti cha magurudumu asijitese. Aende mapokezi siku mbili kabla aeleze saa ya ndege yake na apangiwe kundi la mapema. Wahudumu wa mapokezi hufanya hivyo kila safari.

Kushuka kwanza hakukusaidii kitu, hata hivyo, ikiwa meli yenyewe bado iko baharini inasubiri ukungu uondoke.

Nisiweke nini kwenye begi la kuacha nje ya mlango usiku wa mwisho?

Begi unaloliacha nje ya mlango wa chumba chako likishachukuliwa na wahudumu usiku, hutaliona tena mpaka ukumbini. Kwa hiyo baki na pasipoti, dawa, miwani, chaja, nguo na viatu vya asubuhi, na chochote ambacho kingekukwamisha kikipotea. Wapo wanaoacha pasipoti humo, na kwa saa mbili za asubuhi hakuna anayeweza kuwasaidia.

Betri za akiba za kuchajia simu ziwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa ndege haiziruhusu kwenye mzigo wa chini. Chupa za kinywaji ulizonunua kwenye duka la meli ni kinyume chake: mara nyingi hukabidhiwa siku ya mwisho, na ukizibeba mkononi zitakamatwa kwenye ukaguzi wa uwanja, ambako vinywaji vya zaidi ya mililita 100 bado vinazuiwa katika viwanja vingi. Acha nafasi kwenye begi kubwa, uzifunge humo ukiwa ukumbini wa bandari, kabla hujafika uwanjani.

Na pima uzito. Meli haijali kilo zako. Ndege inajali, na kufungua mabegi sakafuni mbele ya dirisha la mizigo ni muda ambao huna.

Kuna huduma ya kupeleka mabegi moja kwa moja hadi kwenye ndege?

Katika baadhi ya bandari, ndiyo. Seattle ina mpango wa bandari yenyewe uitwao Port Valet, ambao huchukua mabegi kutoka melini hadi uwanja wa ndege. Kampuni kadhaa za meli zina huduma kama hiyo kwa baadhi ya mashirika ya ndege, aghalabu kwa safari za ndani ya Marekani tu. Kila mpango una saa yake ya chini ya ndege inayokubaliwa, na kujiandikisha hufanywa kabla ya kushuka. Uliza ukiwa bado melini.

Uhamiaji utachukua muda gani?

Hutegemea umetoka wapi na una pasipoti ya wapi. Bandari nyingi za Marekani sasa hutumia utambuzi wa sura na foleni huenda haraka, lakini asiye raia huweza kupangwa foleni tofauti, ndefu zaidi. Ulaya, kuanzia Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, zilianza kuingiza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha za wageni wasio wa Umoja wa Ulaya, na hatua hiyo inaweza kukukuta uwanjani wakati wa kutoka. Usiihesabu foleni ya bandarini tu ukasahau ile ya uwanjani.

Jambo moja la viza: kama safari yako ilianzia nchi ya Schengen, ikatoka nje ya eneo hilo, kisha ikarudi kuishia humo, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Na kama ndege ya kurudi inapitia nchi nyingine, angalia kama unadaiwa viza ya kupita tu. Shirika la ndege linaweza kukukatalia hapo dirishani hata kama umefika saa nne kabla ya ndege.

Meli ikichelewa nikaikosa ndege, nani analipa?

Kwa kawaida, wewe. Masharti ya tiketi ya meli humpa nahodha uhuru wa kubadili ratiba kwa usalama, na kampuni haijifungi kukulipia ndege uliyoinunua mwenyewe. Shirika la ndege nalo halijakosea chochote. Ndege yake iliondoka kwa wakati. Hata kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayowalipa abiria wa ndege zilizochelewa au kufutwa, haihusu abiria aliyefika lango limeshafungwa.

Kinachobaki ni bima ya safari. Soma kipengele cha kukosa chombo cha usafiri, utazame kama meli ya kitalii imetajwa, saa ngapi za kuchelewa zinatakiwa, na ushahidi gani. Omba mapokezi barua ya kuthibitisha kuchelewa kabla hujashuka. Ukishaondoka bandarini, kuipata ni kazi.

Ninunue ndege kupitia kampuni ya meli au mwenyewe?

Ukinunua kwao, wanajua uko meli gani, na meli ikichelewa wao ndio hutafuta ndege nyingine. Kwa bandari ya mbali au msimu wa vimbunga, faida hiyo ni kubwa. Hasara ni kwamba unaweza kupewa njia yenye kusimama mara mbili, au ndege ya saa 5 ambayo wewe mwenyewe usingeichagua. Omba kuona ratiba kamili kabla ya kulipa.

Ukinunua mwenyewe, safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Mwenye tiketi mbili zilizotenganishwa akikosa ndege ya kwanza, shirika la pili halidaiwi kitu wala halimjui. Kiti chake kimekwenda. Na ukijua utaikosa ndege, piga simu kabla haijaondoka. Abiria asiyetokea bila taarifa kwa kawaida hufutiwa sehemu zote zilizobaki za tiketi.

Saa ya simu na saa ya meli zinatofautiana. Nifuate ipi?

Melini fuata ya meli, ukishuka fuata ya nchi. Usiku wa mwisho uliza mapokezi kama zinalingana, kisha weka kengele kwa mkono, usiiachie simu ijibadilishe. Kuwa mwangalifu zaidi kama safari inaisha Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba huko Ulaya, au Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba huko Marekani, kwa kuwa usiku huo saa husogezwa.

Ndege yangu ni ya jioni. Nitakaa wapi mchana?

Si melini. Saa 4 asubuhi utakuwa umetolewa, kwa sababu meli hiyohiyo inapokea abiria wapya mchana. Kwenda uwanjani moja kwa moja nako kuna kasoro: mashirika mengi hayapokei mabegi zaidi ya saa tatu au nne kabla ya ndege, kwa hiyo utayavuta kila uendako. Suluhisho zuri ni matembezi yanayouzwa na meli ambayo humalizikia uwanja wa ndege, mabegi yakiwa ndani ya basi. La pili ni sehemu ya kutunzia mizigo kituo cha treni au mjini. Hakikisha inafunga saa ngapi.

Ni busara kulala usiku mmoja na kuruka kesho yake?

Kwa ndege ndefu ya kuvuka bahari, kwa njia yenye ndege moja kwa siku, kwa bandari yenye ukungu, kwa anayesafiri na wazazi wazee au watoto: ndiyo, bila kusita. Bei ya chumba cha hoteli ni ndogo kuliko bei ya tiketi mpya ya kimataifa iliyonunuliwa siku hiyohiyo. Chagua hoteli karibu na uwanja, si karibu na bandari, ili asubuhi usibaki na barabara ndefu mbele yako.

Nimeshanunua ndege ya saa 4 na nusu na haibadilishwi. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha kweli haibadilishwi. Mashirika hubadili ratiba zao mara kwa mara, na wakisogeza ndege yako kwa muda mrefu wa kutosha mara nyingi hukuruhusu kuhamia nyingine bila malipo. Kwa hiyo angalia tiketi kila wiki.

Ikibaki ilivyo, safiri na begi la mkononi tu, ujisajili kwenye ndege kwa simu siku iliyotangulia, uombe kundi la kwanza la kushuka, na uwe umeagiza gari mapema kwa jina la gati, kwa kuwa bandari kubwa zina majengo mengi. Andika pembeni ndege mbili zinazofuata na namba ya simu ya shirika. Ikifika saa 2 asubuhi na meli haijafungwa gatini, usisubiri muujiza: piga simu ukiwa bado melini, wakati viti vya ndege ya mchana bado vipo.